McMillan: Jiwe lina sheria yake, karatasi haina mtetezi

Kila gumzo kuhusu Maktaba ya McMillan huanzia kwa wale simba wawili wa mawe mlangoni na kuishia kwenye kuta. Zipakwe rangi gani, nguzo zisafishwe vipi, nani agharimie paa. Gumzo hilo lina haki yake, kwani jengo lile la Banda Street, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, ni miongoni mwa machache katikati ya Nairobi ambayo hayajamezwa na vioo na maduka. Lakini jiwe linaweza kungoja miaka mingine kumi bila kudhurika sana. Kilichomo ndani hakiwezi, na katika vilivyomo ndani kilicho hatarini kuliko vyote ni magazeti.

William Northrup McMillan alikuwa tajiri wa Kimarekani kutoka St. Louis, pande la mtu, aliyeingia nchini mwanzoni mwa karne ya 20 na kujitwalia ardhi kubwa upande wa Juja, huko ambako Theodore Roosevelt alifikia katika safari yake ya uwindaji ya 1909. Alifariki 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyeisimamisha maktaba kwa kumbukumbu ya mumewe, akiongezewa fedha na shirika la Carnegie la Marekani, na milango ikafunguliwa 1931. Miaka saba baadaye ikatungiwa sheria yake yenyewe, ambayo kwa muda mrefu imejulikana kama Sura ya 217 ya Sheria za Kenya.

Sheria hiyo hutajwa kwa fahari, na imelifaa jengo. Katika mji ambao viwanja vya umma vina tabia ya kulala vya wananchi na kuamka vya mtu, si jambo dogo kiwanja kuwa na sheria yake. Ila tusisahau ilitungwa lini na kwa ajili ya nani. Mwaka 1938 Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944. Maktaba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Halmashauri ya jiji ilikabidhiwa usimamizi 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi.

Historia hiyo wengi huisimulia kama aibu ya zamani, kisha wanasonga mbele. Kwa mkutubi si ya zamani hata kidogo: imo rafuni mpaka leo. Maktaba hununua kulingana na wasomaji wake. Kwa miongo mitatu wasomaji walikuwa walowezi, maafisa wa serikali na wake zao, na fedha zikaenda kwenye walichotaka: riwaya za Kiingereza, vitabu vya safari na uwindaji, wasifu wa majenerali, magazeti ya walowezi, kumbukumbu za mijadala ya baraza. Anayetafuta Nairobi ya 1935 humo ataipata ikitazamwa kutoka barazani kwa mwenye nyumba. Muigwithania, gazeti la Gikuyu lililoanza 1928 chini ya Kikuyu Central Association, Kenyatta akiwa mhariri wake, halikuchapishwa kwa ajili ya chumba kile cha kusomea. Baraza la Kiswahili lilianza 1939. Serikali ilipotangaza hali ya hatari 1952, magazeti mengi ya lugha za Kiafrika yalipigwa marufuku, na nakala zilizosalia zilifichwa majumbani au zilichomwa.

Kwa hiyo orodha nzuri ya hazina ya McMillan haina budi kufanya kazi mbili: kuonyesha kilichopo, na kuandika wazi kisichokuwepo. Pengo lililoandikwa humwokoa mtafiti wiki nzima ya kufunua majalada. Pengo lisiloandikwa humfanya aamini kuwa mwaka fulani Waafrika hawakuwa na la kusema.

Hapo tumefika kwenye kiini cha mambo, yaani orodha. Ukimuuliza afisa yeyote maktaba ya jiji ina vitabu vingapi, utapewa namba kubwa ya mviringo. Namba hiyo haikusaidii kitu. Kitabu ambacho kimo katika daftari la mapokezi lakini hakimo rafuni ni jina tu. Na kitabu kilichomo rafuni lakini kimewekwa rafu tatu mbali na mahali pake, kwa msomaji ni sawa na kilichoibwa. Namba ya kuaminika hupatikana kwa njia moja, nayo inachosha: watu wawili wanasimama mbele ya rafu, mmoja anasoma namba ya mgongoni, mwingine anaweka alama kwenye orodha. Kila kitabu huingia katika mojawapo ya mafungu manne: kipo mahali pake, kipo lakini mahali si pake, kipo bila rekodi, kipo kwenye rekodi tu. Fungu la nne lisifutwe siku hiyohiyo. Lingoje mpaka jengo zima limalizike, maana nusu ya "vilivyopotea" kwa kawaida huibuka mwishoni, nyuma ya rafu nyingine au katika chumba cha vitabu vilivyongoja kujalidiwa tangu enzi za mkutubi aliyestaafu.

Na zile namba za mgongoni zina siasa yake. Mfumo wa Dewey, uliobuniwa Marekani 1876, umegawa maarifa yote katika mafungu kumi. Fasihi ni 800. Kuanzia 810 hadi 880 ni Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na jamaa zao, pamoja na Kilatini na Kigiriki. Dunia yote iliyobaki imesongamana katika 890. Fasihi ya Kiswahili, yenye karne kadhaa za tenzi, imepewa 896.392. Historia ya Kenya nzima ni 967.62. Matokeo yake huonekana kwa macho: rafu za Kiingereza zina namba fupi na nafasi ya kupumua, na rafu za kwetu zina vibandiko virefu vilivyokunjwa mgongoni visisomeke, na kisichosomeka hurudishwa popote. Mfumo wenyewe unaruhusu maktaba kuipandisha fasihi ya nyumbani hadi 810 ikipenda. Ni kazi ya kubandua na kubandika vibandiko, haihitaji mfadhili.

Turudi kwenye magazeti, maana ndiko saa inakokimbia. Hazina ya McMillan ya magazeti na majarida ya Afrika Mashariki inarudi nyuma hadi 1899, mwaka ambao reli ilifika Nairobi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani ya mbao mna kitu kiitwacho lignini. Mwanga na hewa vikiigusa, lignini hugeuka rangi na kuzaa asidi. Ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani siku tatu huwa manjano. Asidi hiyo hukatakata nyuzi za karatasi kutoka ndani, kimyakimya, hata jalada likiwa limefungwa. Wahifadhi wana kipimo chao: hukunja ncha ya ukurasa mbele na nyuma na kuhesabu inakatika mara ya ngapi. Ikikatika kabla ya mkunjo wa pili, gazeti hilo limebakisha kufunguliwa mara chache tu, na kila msomaji huondoka na chembe zake kwenye mikono ya shati. (Msomaji asijaribu kipimo hiki. Ni cha wenye jukumu, na hufanywa kwenye pembe tupu isiyo na maandishi.)

Nairobi imejaliwa kwa jambo moja. Mji uko juu, takriban mita 1,700, na baridi yake huichelewesha asidi kuliko joto la Mombasa. Tatizo letu ni kupandashuka kwa unyevu. Mvua za Machi hadi Mei, ubaridi wa mawingu wa Julai, kisha ukavu wa Januari na Februari: karatasi hunywa unyevu na kuvimba, hukauka na kujikunyata, mwaka baada ya mwaka, mpaka gundi ya mgongoni inaachia. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, ukungu huota. Kitabu kikilowa kabisa, una saa 48 hivi kabla ukungu haujaanza.

Ndiyo maana fundi wa kwanza wa kuhifadhi vitabu ni yule anayezibua mifereji ya paa. Jengo la aina hii likivuja, mara nyingi si kwamba paa limeoza. Ni majani, vinyesi vya ndege na kiota kilichoziba mdomo wa bomba, maji yakajaa, yakatafuta ufa. Mifereji ikisafishwa mwishoni mwa Februari na tena mwishoni mwa Septemba, kabla ya misimu miwili ya mvua, hatari kubwa imepungua kwa gharama ya ngazi, ndoo na kibarua wa siku mbili. Baada ya hapo ni mambo ya kawaida yanayosahaulika: rafu zisigusane na ukuta wa nje, ziachwe upenyo wa sentimita kumi hadi kumi na tano hewa ipite, rafu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu kwa kiasi hichohicho, ili bomba likipasuka maji yapite chini, madirisha ya upande wa jua yawe na pazia. Chumba cha chini ya ardhi kisiwekwe karatasi za aina yoyote, hata kwa muda. Hasa kwa muda, kwa sababu "kwa muda" ya ofisi za umma huchukua miaka kumi na tano.

Majalada makubwa ya magazeti yalazwe, yasisimamishwe. Jalada la mwaka mmoja linaweza kuwa zito kuliko mfuko wa unga wa kilo kumi, na likisimama, kurasa huning'inia kwenye uzi wa mgongoni mpaka uzi unazikata. Yalazwe mawili au matatu tu kwa rafu, la sivyo anayetaka la chini kabisa atalivuta kama anayechomoa tofali. Yaliyokwisha kukatika yafungwe katika maboksi ya kadibodi isiyo na asidi, kila boksi na jina la gazeti na tarehe upande unaoonekana. Seloteipu ipigwe marufuku kabisa. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka kahawia, na baada ya miaka plastiki inadondoka ikiacha mstari uliokula maandishi. Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwa sababu mhifadhi wa baadaye anaweza kuubandua kwa maji.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawatalipenda. Skana isiwe kitu cha kwanza kununuliwa. Wafadhili wanaipenda, wanasiasa wanaipenda zaidi kwa kuwa inapigika picha, na vijana wa teknolojia huiona kuwa jibu la kila kitu. Lakini kuskani hazina isiyo na orodha ni kuhamisha vurugu kutoka rafuni kwenda kwenye diski. Rafuni angalau unaweza kupita ukiangalia migongo. Kwenye diski utakuta faili elfu arobaini zenye majina kama picha0001, na hakuna ajuaye ni gazeti gani.

Hesabu yenyewe inafaa kuonekana. Ukurasa wa gazeti kubwa una upana wa sentimita 42 na urefu wa 59 hivi. Maandishi ya gazeti la zamani ni madogo na wino umefifia, hivyo picha ya nukta 300 kwa inchi ni ya chini mno; 400 ndiyo inayofaa. Hapo ukurasa mmoja unakuwa na nukta karibu milioni 61, na faili lisilobanwa, la rangi ya kijivu, ni megabaiti 61. Tuseme gazeti linatoka mara 310 kwa mwaka, kurasa 16: hizo ni kurasa 4,960, au gigabaiti 300 kwa mwaka mmoja wa gazeti moja. Nakala za usalama ni tatu, mojawapo ikiwa nje ya jengo, kwa hiyo ni gigabaiti 900. Mtu mmoja mwenye mashine ya kupiga picha kutoka juu (ile ya kufunika kama ya fotokopi itavunja migongo yote) akipiga kurasa 60 kwa saa, saa sita kwa siku, atahitaji siku 14 za kazi. Weka kurasa za kurudiwa na umeme uliokatika, ziwe wiki tatu. Miaka thelathini ya gazeti hilo ni wiki tisini, karibu miaka miwili ya mshahara wa mtu mmoja. Mashine yenyewe ni sehemu ndogo ya bajeti. Mshahara ndio bajeti, na mshahara ndio usioonekana katika maombi ya fedha.

Jina la faili liamuliwe kabla ya picha ya kwanza kupigwa: kifupi cha gazeti, mwaka, mwezi, siku, ukurasa, kwa mpangilio huo, ili kompyuta ipange yenyewe. Kitu kama eas_1931-06-05_003 kinatosha. Ukurasa uliokosekana nao upewe nafasi yake, kwa picha ya karatasi tupu iliyoandikwa "haupo", la sivyo miaka kumi baadaye mtu atadhani mpiga picha aliruka.

Haki za kunakili zisiachwe mpaka mwisho. Kwa sheria ya Kenya kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Taarifa isiyo na jina iliyochapishwa 1931 haina utata. Makala ya 1958 yenye jina la mwandishi aliyefariki juzi yana utata. Njia ya busara ni kupiga picha kila kitu kwa ajili ya kuhifadhi, kisha kuweka mtandaoni yale ya zamani kwanza na kuyaacha mengine yasomwe ndani ya maktaba mpaka mchapishaji akubali.

Nani afanye haya? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, hivyo mwenye mali ni Kaunti ya Nairobi. Tangu 2018 inashirikiana na Book Bunk, shirika lililoanza na ndoto ya McMillan lakini likaifikia kwa kupitia matawi mawili madogo, Kaloleni na Makadara, yaliyokarabatiwa kwanza. Utaratibu huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyosifiwa. Tawi dogo hukufundisha makosa kwa bei nafuu: unajua wasomaji wanakaa wapi, watoto wanavunja nini, soketi ngapi zinahitajika, saa gani pamejaa. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, una wasomaji wanaofika kwa miguu. Wa McMillan wengi hufika kwa matatu, na wengi wao hawaji kusoma kitabu cha maktaba. Huja na vitabu vyao vya mtihani, wakitafuta meza, mwanga na kimya. Wapo wanaolalamika kuwa maktaba imegeuka darasa la kujisomea. Mimi naona hiyo ni huduma halali kabisa. Kosa ni kuwachanganya katika chumba kimoja na mtu aliyefunguliwa jalada la 1920.

Huyo wa jalada la 1920 anastahili meza yake, pana, mbele ya macho ya mkutubi. Penseli tu, kalamu ya wino ibaki mlangoni pamoja na begi na chupa ya maji. Mikono ioshwe na ikaushwe vizuri; glavu nyeupe za kwenye filamu hazifai kwa karatasi, kwa kuwa kidole hakihisi ukurasa na kitambaa hunasa kwenye mipasuko. Jalada likae juu ya mto au vipande vya sponji pande zote mbili ili lisilazimishwe kufunguka wazi kabisa. Ukurasa hufunuliwa kwa kushika pembe ya juu, taratibu, na mkono wa pili ukiuunga chini. Picha za simu ziruhusiwe, bila mwako. Kila picha ya simu ni safari moja ya fotokopi iliyoepukwa.

Naye mtafiti aje amejiandaa. Mkutubi akiulizwa "mna nini kuhusu historia ya Nairobi?" atakuonyesha rafu na kuondoka. Akiulizwa gazeti fulani, mwezi fulani, mwaka fulani, ataleta jalada. Na kabla ya kupanda zile ngazi inafaa kujua unachotafuta kimo wapi, kwa sababu maktaba tatu za mjini huchanganywa kila siku. Barua za maafisa, mafaili ya wilaya na kesi za zamani ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Vitabu vipya vya kuazima, vya kiada na vya watoto, vinapatikana zaidi katika Huduma ya Maktaba ya Taifa, yenye makao Upper Hill. McMillan ni ya magazeti, ripoti na vitabu vya enzi ya ukoloni.

Limebaki gazeti la leo asubuhi. Nalo limechapwa kwenye karatasi ileile ya mbao zilizosagwa, na miaka hamsini ijayo litakuwa manjano na litakatika pembeni. Tofauti ni kwamba kabla halijafika mtamboni lilikuwa faili, kurasa zote zikiwa zimepangwa na maneno yake yanatafutika. Wachapishaji wanayo mafaili hayo. Makubaliano ya kurasa mbili kati ya kaunti na kila chumba cha habari, mafaili yatumwe kila mwisho wa mwezi na yafunguliwe kwa wasomaji walio ndani ya jengo, yangeiondolea maktaba kazi ya kuskani kuanzia siku yatakapotiwa saini. Hayahitaji paa jipya wala mashine. Yanahitaji mkutubi mwenye mamlaka ya kuandika barua hiyo, na diski ya kupokelea majibu.